Mbio si za Mlima, Wala Bahari si ya Wageni

Miongoni mwa maneno yapitayo midomoni mwa watu bila ya kupimwa, yako mawili ambayo sisi wapenzi wa michezo katika Pwani ya Kenya tumeyasikia mpaka masikio yamechoka. La kwanza lasema kwamba riadha ni urithi wa watu wa milimani, na kwamba mtoto aliyezaliwa penye minazi na mikoko hakuumbwa kwa mbio. La pili lasema kwamba kuvua samaki kwa mchezo ni anasa ya wageni, na kwamba mwenyeji akitupa mshipi majini hachezi, bali atafuta kitoweo. Watu huyatamka maneno haya mbalimbali, moja uwanjani na la pili ufukoni, kama kwamba hayana udugu. Mimi nayaona pacha. Yote mawili humfundisha kijana wa Pwani kuketi na kuwatazama wengine, na kijana aliyefundishwa kuketi akiwa na miaka 14 ni vigumu kumwinua akiwa na miaka 20.

Siandiki kwa ajili ya cheo. Si mkimbiaji mimi, wala si mwalimu wa michezo. Ni mtazamaji: mtu wa kusimama nyuma ya kamba jua likiwaka, kupiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha kurudi nyumbani akibishana njiani na kila amkutaye. Lakini mtazamaji naye ana kazi yake, nayo ni kuweka kumbukumbu. Na kumbukumbu za riadha ya Kenya zapingana na maneno yale.

Tuanze na iliyo kubwa. Ni nani aliyeiletea Kenya nishani ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola? Waulize vijana darasani, na wengi watakutajia Kipchoge Keino. Si yeye. Ni Seraphino Antao, Mgoa mzaliwa wa Mombasa, aliyekwenda Perth katika Australia mwaka 1962 akashinda mbio za yadi 100, kisha akashinda na za yadi 220. Kenya ilikuwa haijapata uhuru bado. Mwaka 1964 huko Tokyo, Kenya ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza ikiwa dola huru, aliyeibeba bendera yake alikuwa huyo huyo Antao. Hakulelewa penye baridi wala ukungu. Alijifunza mbio katika joto la Mombasa, mahali ambapo shati hulowa jasho kabla ya mtu kufunga kamba za viatu. Baada yake ilipita miaka 60 ndipo Mkenya mwingine akashinda mbio iliyo fupi kuliko zote katika michezo hiyo: Ferdinand Omanyala, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 huko Birmingham mwaka 2022, baada ya kukimbia kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021. Miaka 60! Katika miaka hiyo yote Pwani ilikuwa imelala, na waliokuwa na wajibu wa kuiamsha walisema haina haja ya kuamshwa, maana riadha ni ya mlima.

Sitakuwa mkaidi wa kukana ukweli ulio wazi. Hewa ya milimani ni nyepesi, na mwili ukaao humo huongeza chembe nyekundu za damu ili uweze kujitosheleza kwa hewa iliyo haba. Mwili huo ukiingia katika mbio ndefu huwa umekwisha kupata mtaji kabla ya biashara kuanza. Iten iko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, wala sishangai kuona wakimbiaji kutoka pande zote za dunia wakienda kufanya mazoezi huko. Hayo nayakubali. Nisilolikubali ni kuupa mlima sifa zote na kuwanyima watu sifa yao. Ikiwa urefu wa nchi peke yake ndio uletao nishani, mbona Bolivia, ambayo mji wake wa La Paz uko zaidi ya mita 3,600 juu ya bahari, ilitoka katika Michezo ya Olimpiki ya 2024 bila ya kuwa imepata hata nishani moja ya Olimpiki tangu iwe nchi?

Liko jambo jingine ambalo watu wa hoja ya mlima hawapendi kuulizwa. Wanaume wa Kenya walipata dhahabu za Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico: Keino, Naftali Temu na Amos Biwott. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kuipata dhahabu hiyo ni Pamela Jelimo, huko Beijing mwaka 2008. Hiyo ni miaka 40 kamili. Je, katika miaka hiyo wasichana walikuwa wakiishi wapi? Waliishi milimani na kaka zao. Walivuta hewa ile ile, wakapanda vilima vile vile, wakanywa maziwa ya ng'ombe wale wale. Hewa haikuwabagua. Waliowabagua ni watu, waliosema kwamba mbio hazimfai mwanamke, kwamba kuna kuni za kutafutwa na mtoto wa kubebwa. Mlango ulipofunguliwa waliingia kwa wingi, na mmoja wao, Faith Kipyegon, ametwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki mara tatu mfululizo. Basi yale yaliyosemwa juu ya msichana wa mlimani jana ndiyo yasemwayo juu ya mtoto wa Pwani leo, na hayana kweli zaidi ya yale ya jana.

Kama si hewa peke yake, ni nini tena? Ni malezi. Mwaka 1976 alifika Iten mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alikuwa na saa mkononi, macho ya kutazama, na subira ya kukaa mahali pamoja miaka mingi. Katika shule ile alitoka Peter Rono, mshindi wa mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Na mikononi mwa mwalimu huyo alilelewa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Mlima ulikuwapo pale karne nyingi kabla ya mwalimu huyo kushuka garini. Na atakaye mfano wa watu wa bahari aitazame Jamaika, kisiwa chenye joto na minazi kama kwetu. Mashindano ya shule zake za sekondari yalianza mwaka 1910, nayo hutazamwa na umati kama fainali ya mpira. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009, alipita katika mashindano hayo akiwa mwanafunzi. Wajamaika hawakungoja kuambiwa na mtu kama wameumbwa kwa mbio au hawakuumbwa.

Sasa nitakutoa uwanjani, msomaji, nikupeleke mtoni, wala usidhani nimepotea njia. Katika mito ya baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya yuko samaki aitwaye trauti, mwenye madoadoa mwilini na werevu mwingi wa kukwepa ndoana. Watu husafiri mbali kwenda kumvua kwa ufito mwembamba na chambo cha manyoya kilichofungwa mfano wa nzi. Uliza huyu ni samaki wa wapi, utaambiwa ni samaki wa mlima. Lakini hakuwako. Aliletwa mwaka 1905 na mlowezi mmoja, Ewart Grogan, kutoka Loch Leven katika Scotland, akatiwa katika mto Gura. Baadaye kikajengwa kituo cha kumlelea huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Vifaranga vikalishwa kwa zamu, vikahesabiwa, vikatiwa mitoni, na zikatungwa sheria za kumlinda asivuliwe ovyo. Samaki mgeni akawa mwenyeji, hata mjukuu wa leo adhani aliumbwa pamoja na theluji ya Mlima Kenya.

Tena zingatia jambo hili. Kiganjo hiyo hiyo ndiko kuliko na chuo cha polisi, ambako Keino alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mahali pamoja palilelewa samaki na palilelewa wakimbiaji, na vyote viwili vilitaka mambo yale yale: mahali, chakula, mtu wa kuangalia kila siku, na muda. Hakuna aliyekwenda kwenye mto Gura mwaka 1904 akasema, "Mto huu hauna kipawa cha trauti." Lakini wako watu wafikao Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, mahali pasipotiwa kitu, wakatazama majini, wakasema hapana samaki.

Nimefika baharini, nami nataka kulijibu lile neno la pili. Wasemao kwamba uvuvi wa mwenyeji ni kazi, si mchezo, wamesahau mchezo hutoka wapi. Mkuki ulikuwa silaha ya kumwulia adui na mnyama, na leo Julius Yego ni bingwa wa dunia wa mwaka 2015, aliyeutupa mita 92.72 huko Beijing. Kukimbia kulikuwa njia ya kufuata ng'ombe aliyepotea na ya kuwahi kengele ya shule. Kazi hugeuka mchezo siku ile watu wanapochora mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia, wakaweka na mwamuzi asiye ndugu wa mshindani. Kuvuta kasia ni kazi. Weka mitumbwi sita kwenye mstari mmoja na boya huko mbele, umepata mashindano. Watu wa Lamu walilijua hili zamani, na mashindano yao ya mashua huwatoa majumbani wazee kwa watoto, kila mtaa na mashua yake, kila mtu na ubishi wake. Ningependa mtu anieleze kwa nini jambo hilo liitwe tamasha la utamaduni, na kuogelea katika dimbwi la maji ya dawa kuitwe michezo.

Tazama basi safari za kuvua za wageni. Upepo wa kusi ukilegea na bahari ikitulia, hutoka mashua za mitambo kutoka Malindi, Watamu na Shimoni zikiwafuata nduaro, sulisuli na jodari nje ya miamba. Ni mchezo mzuri, nami siupingi. Hemingway, mwandishi maarufu wa Marekani, aliwahi kuja kuucheza katika bahari yetu hii. Nausifu hasa pale samaki anapotiwa alama na kurudishwa majini akiwa hai, kwa maana bahari si ghala lisilo na mwisho. Wala sisemi kwamba mgeni hafanyi kitu. Kushindana na nduaro saa nzima ni jambo la kuunguza mikono. Lakini ni nani aliyemwona samaki? Ni nahodha, mtoto wa mvuvi, aliyetazama membe wakishuka, akajua chini yao mna vidagaa, na chini ya vidagaa mna jodari. Ni nani aliyejua mkondo waelekea wapi maji yanapopwa? Ni nani aliyeshona chambo kikaogelea kama samaki mzima? Wakirudi pwani, aghalabu jina linaloandikwa ubaoni ni la mgeni, naye nahodha hupewa bakshishi, akashukuru, akaenda kuosha mashua. Yeye ni bingwa katika mchezo ambao hakuandikishwa.

Na wanawe je? Shule zetu hufanya safari nyingi njema. Huwapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu, Gedi, Tsavo na Nairobi, wakarudi na daftari zilizojaa. Nimewauliza walimu wa shule kadhaa zisikiazo mawimbi usiku kama wamewahi kuwapeleka wanafunzi kuvua, pamoja na mvuvi mwenye umri wa kuwafundisha. Sikupata shule hata moja. Nimesikia badala yake kwamba mwanafunzi akionekana na mshipi hudhaniwa mtoro. Hivyo mtoto huyafahamu maziwa ya Kanada kwa ramani, lakini hawezi kukuambia tofauti ya bamvua na maji mafu, ambayo babu yake aliijua kabla ya kuota meno ya pili. Siku moja baharini ingemfundisha pepo, mwezi, mkondo, majina ya samaki, na sheria pia: kwamba samaki mchanga hurudishwa, na kwamba katika mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, mshipi hautupwi kabisa.

Namjua kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa mtoto wa mvuvi, mwepesi wa miguu kuliko wote niliowahi kuwatazama katika mashindano ya shule za mkoa wetu. Alifanya mazoezi mchangani maji yakipwa, peku, pamoja na mbwa wa jirani. Alishinda mita 100 na mita 200 katika wilaya, akashinda tena hatua iliyofuata. Siku ya mashindano makubwa alifika asubuhi ile ile, baada ya usiku mzima garini, akala mkate mkavu, akaingia uwanjani. Akawa wa nne. Kwa safari ile, kuwa wa nne ni ajabu. Lakini mtu mmoja mwenye madaraka ya michezo, badala ya kumwuliza amelala wapi, alimshauri aziache mbio fupi ajaribu mita 5,000, kwa kuwa, alisema, Kenya hujulikana kwa mbio ndefu. Yule kijana alijaribu msimu mmoja, akapitwa mizunguko miwili, akaamini kwamba hakuumbwa kwa mbio. Leo hufunga chambo katika mashua ya kuvulia wageni. Ni kazi ya halali na huifanya vizuri. Ila nimwonapo akiruka kutoka gatini hadi mashuani, ile hatua yake hunitia uchungu, kwa kuwa nayajua maneno yote mawili yamempata: la mlima lilimtoa uwanjani, na la wageni likamweka nyuma ya kiti cha mvuvi mwingine.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema joto la Pwani haliruhusu mbio. Namkumbusha tarehe 24 Machi 2007, ubingwa wa dunia wa mbio za nyika ulipofanyika papa hapa Mombasa. Joto na unyevu vilikuwa vikali hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, akaacha mbio kabla ya mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Sisemi kwamba hilo lathibitisha tutashinda sisi. Lathibitisha kwamba hali ya hewa ni mzigo kwa asiyeizoea, nasi tumeizoea tangu utotoni. Isitoshe, mita 100 humalizika kabla joto halijapata nafasi ya kumdhuru mtu.

Wa pili ni mzazi, naye nasema naye kwa heshima. Ataniambia bahari huua. Kweli huua, na hakuna kijiji cha pwani kisichokuwa na kaburi la namna hiyo, au msiba usiokuwa na kaburi. Lakini huua zaidi wale wasioijua. Watoto wafundishwe kuogelea kwanza, wavae maboya, watoke msimu wa bahari tulivu wala si wakati wa kusi, na nahodha awe ndiye mwenye neno la mwisho, hata mbele ya mwalimu mkuu. Mtoto aliyekatazwa bahari mchana huenda peke yake jioni. Hilo kila mama wa pwani alijua.

Wa tatu atasema hapana fedha. Viwanja vya kutandikwa mpira ni ghali, nami nitaendelea kuvidai kwa wenye mamlaka mpaka wachoke kuniona. Lakini hatuwezi kuwaweka watoto wa miaka 14 wakingoja zabuni. Kamba ya mita 100 iliyopimwa sawasawa, saa ya kupimia, filimbi, bendera mbili na daftari la kuandikia matokeo haviishindi shule yoyote. Mitumbwi ipo, wenyewe wataiazima kwa furaha wakiambiwa majina yao yataandikwa. Uwanja nao upo. Mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, huja bamvua, na maji yakipwa siku hizo huacha mchanga mgumu, mpana, ulionyooka. Asubuhi zikimbiwe mbio juu ya mchanga huo, na maji yakirudi ishindanishwe mitumbwi na mishipi, shule kwa shule, wasichana na wavulana. Kalenda ya mwezi yajulikana tangu sasa, na tarehe za mwaka mzima zaweza kuandikwa ubaoni kabla ya muhula kufunguliwa.